Nawafundisha vijana niliyoyaona Doha. Je, nawafundisha chuki?

Kwako Mama Mshauri,

Pokea salamu zangu kutoka Mombasa. Mimi ni mwanamume wa miaka 44, mzaliwa wa Voi, baba wa watoto watatu. Kuanzia mwaka 2012 hadi 2023 nilifanya kazi Doha, nchini Qatar, miaka saba nikiwa mlinzi wa lango na minne nikiwa msimamizi wa zamu. Nilikwenda kutafuta karo na kiwanja, na vyote viwili nilivipata, kwa hiyo sikuandikii kulalamikia riziki yangu.

Tangu nirudi, ofisi moja ya wakala wa ajira hapa mjini huniita kila Jumamosi niwazungumzie vijana wanaojiandaa kwenda nchi za Ghuba. Wengi ni wasichana wa miaka 23 au 24, na baadhi yao hawajawahi kuvuka Mtito Andei. Mwenye ofisi alinitaka niwaeleze maisha ya huko yalivyo, nami kwa nia njema kabisa nimekuwa nikiwaeleza watu watakaokutana nao, taifa baada ya taifa. Nawaambia kwamba Mmisri akikujibu “bukra”, yaani kesho, ujue hiyo kesho haina asubuhi. Nawaambia Wahindi wa Kerala wanapeana vyeo wao kwa wao. Mfilipino hujipendekeza kwa wakubwa, ndiyo maana analipwa zaidi. Mbangladeshi usimwachie kitu chako. Mnepali ni mchoyo na ni muoga, hatakupa nafasi jikoni wala hatasimama nawe siku mtakapodai haki yenu. Mzungu, hasa Mwingereza, ndiye mwenye ustaarabu wake, kwa kuwa hukusalimia kwa jina lako hata kama wewe ni bawabu tu. Vijana huyaandika haya kwenye madaftari yao, na baadhi hunirekodi kwa simu.

Sikuyazua, Mama. Tulikaa kambini watu tisini katika ghorofa moja, tukilala sita sita chumbani kwenye vitanda vya ghorofa, na jikoni tulikuwa na majiko manane ya gesi. Tuliokesha zamu ya usiku tulifika tumechoka, tukiwa hatujaonja kitu tangu jana yake, na kila asubuhi tuliwakuta Wanepali wamekwisha kuyatwaa majiko yote, kwa sababu basi lao lilitangulia letu kwa dakika ishirini hivi. Wakipika wali na dengu katika sufuria kubwa za watu sita sita, bila haraka, huku sisi Wakenya tumesimama ukutani, kila mmoja ameshika kisufuria chake na unga wake ndani ya mfuko wa nailoni. Miaka ikapita hivyo. Hadi leo nikisikia harufu ya mafuta ya haradali, moyo wangu hufunga.

Jambo la pili ni zito zaidi. Mwezi wa Agosti 2015 mama yangu alifariki. Nyumbani walipanga mazishi baada ya siku nane ili niwahi. Wakati ule mfanyakazi hakuweza kutoka Qatar bila kibali cha mwajiri wake, na kibali hicho kilikuwa mikononi mwa karani wa ofisini kwetu, Mmisri. Kila nilipokwenda alinijibu bukra, pasipo kuinua macho kutoka kwenye simu yake. Kibali kilitoka siku ya tisa. Siku ya mazishi nilikuwa langoni, kazini. Mnepali mmoja tuliyemwita Dai, ambaye hakuwa kama wenzake, alikuwa amemaliza saa zake kumi na mbili, lakini hakupanda basi la kurudi kambini. Alisimama mahali pangu langoni ili mimi niingie kwenye kibanda, nikaisikiliza ibada kwa simu, wimbo mmoja baada ya mwingine, hadi nikasikia koleo na udongo. Nilipotoka nilimkuta amesimama wima kama askari wa gwaride, na hakusema neno. Ndiyo maana nasema Wamisri hawana utu, na sidhani kama kuna mtu anayeweza kunilaumu.

Kinachonisumbua kilitokea wiki tatu zilizopita. Msichana mmoja kutoka Kilifi aliinua mkono akauliza: “Mwalimu, na sisi Wakenya, wao wanasemaje juu yetu?” Darasa likacheka. Mimi jibu nilikuwa nalo, tena nalijua vizuri sana. Wanasema Wakenya wana mdomo, huanzisha migomo, na hawafai kuwekwa wawili katika zamu moja. Mwaka 2016 niliondolewa katika jengo zuri nililolizoea kwa sababu Mkenya mwingine, ambaye hata jina lake sikulijua, aligombana na mpangaji. Waliniambia waziwazi kwamba mteja hataki tena Wakenya. Lakini pale darasani nilimjibu binti yule kwamba tusipoteze wakati, tuendelee na somo.

Tangu siku hiyo najiuliza kama ninachowapa vijana ni maarifa au ni sumu. Nikiacha kuwaonya na mmoja wao akaingia mtegoni, lawama itakuwa ya nani? Nikiendelea, nina tofauti gani na yule mteja? Nilichokiona kwa macho yangu nitakiitaje?

Ni mimi,
Mwalimu wa Jumamosi

*

Mwanangu,

Kabla ya yote, pole kwa mama yako. Miaka imepita, lakini mtu aliyemzika mzazi wake kwa simu hahesabiwi miaka.

Barua yako umeipanga kwa mataifa, kama unavyolipanga somo lako. Nimeisoma mara tatu nikijaribu kuipanga kwa namna nyingine, na utanivumilia nikianzia jikoni badala ya kuanzia kwenye swali lako, kwa sababu naona kule jikoni ndiko jibu liliko.

Watu tisini kwa majiko manane ni zaidi ya watu kumi na mmoja kwa kila jiko. Katika hesabu hiyo, yeyote anayefika mwanzo atakula na yeyote anayefika mwisho atasimama ukutani, awe Mnepali, Mtaita au malaika. Umeandika mwenyewe kwamba basi lao lilitangulia kwa dakika ishirini. Umeandika pia, bila kukusudia nadhani, kwamba walipika watu sita katika sufuria moja, ilhali ninyi kila mmoja alikuja na kisufuria chake. Basi niambie, kati ya kundi linalolisha watu sita kwa jiko moja na kundi linalotaka majiko sita kwa watu sita, ni lipi lililokuwa likiubania moto? Sikuulizi ili nikuaibishe. Lau basi lenu ndilo lililotangulia, nina hakika kuna kijana wa Kinepali ambaye leo angekuwa Kathmandu akiwaambia wenzake kwamba Wakenya ni walafi, kila mmoja na jiko lake, na kwamba harufu ya sukuma wiki humfunga moyo.

Nimetafuta katika orodha yako mtu mmoja nikamkosa, naye ni yule aliyeamua kwamba ghorofa ya watu tisini itoshwe na majiko manane. Mwenye kampuni hayumo. Aliyepanga ratiba ya mabasi hayumo. Simtaji ili nawe umwongeze Mqatari chini ya orodha. Nakuonyesha tu kwamba uliwakasirikia wale mliosukumana nao mabega, kwa kuwa ndio uliowaona. Aliyeufanya ubavu wako usukumwe hukuwahi kumwona akishika sufuria.

Sasa mgeukie Mwingereza wako mstaarabu. Nakubali kwamba alikusalimia kwa jina, na salamu ni kitu. Lakini mtu huyo hakulala kambini, hakungoja jiko, hakungoja basi, na mshahara wake ulikuwa mara nyingi ya wako. Alikuwa na kila sababu ya kutabasamu saa mbili asubuhi. Wema usiogharimu kitu umeuandika kwenye jina la taifa lake, na ubaya uliotokana na njaa ya watu tisini umeuandika kwenye jina la taifa la mwingine. Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaodhani kwamba mtu hurudi kutoka nje akiwa na chuki tu. Hurudi pia na heshima asizozipima, na hizo ni hatari zaidi, maana hakuna anayeziita ubaguzi. Msichana uliyemfundisha kwamba Mzungu ndiye mstaarabu atamwamini Mzungu wa kwanza atakayemdhulumu.

Ulichokiona hukukiota ndotoni. Mwishoni mwa mwaka 2019 aliyekuwa mtaalamu wa Umoja wa Mataifa kuhusu masuala ya ubaguzi wa rangi, Tendayi Achiume, alizuru Qatar, na katika ripoti yake aliandika kwamba uraia wa mtu ulikuwa umejenga mfumo unaofanana na ule wa matabaka ya kuzaliwa: watu wa Ulaya, Marekani Kaskazini, Australia na nchi za Kiarabu wakiwa juu, wa Asia Kusini na wa Afrika kusini mwa Sahara wakiwa chini. Kwa hiyo mpangilio ulikuwapo kweli, na macho yako hayakukudanganya. Kosa lako ni la msomaji aliyekisoma kibao cha bei akadhani ni tabia ya bidhaa.

Mchukue Mfilipino unayesema analipwa zaidi kwa kujipendekeza. Mwishoni mwa mwaka 2006 serikali ya Ufilipino iliamua kwamba raia wake anayekwenda nje kufanya kazi za nyumbani asilipwe chini ya dola 400 kwa mwezi, kiwango kilichokuwa maradufu ya kile cha awali. Waajiri wengi walikwepa na bado wanakwepa, lakini bei ilikwisha kutajwa. Kisha ikatafutiwa sababu, ikasemwa kwamba Wafilipino ni wasafi zaidi, ni watulivu zaidi, na Waafrika wakaambiwa wanalipwa kidogo kwa kuwa ndivyo walivyo. Wewe ukaipokea hesabu ileile kwa mlango wa nyuma, ukasema wanalipwa kwa kujipendekeza. Binti wa Kilifi atafaidika zaidi akijua kwamba tofauti ile ilianzia kwenye meza ya serikali iliyokataa bei ndogo kuliko akijua kuwachukia wenzake wa jikoni.

Wahindi wa Kerala nao walianza kumiminika Ghuba tangu bei ya mafuta ilipopanda katika miaka ya 1970. Ulipofika wewe mwaka 2012, kuna waliokuwa wamefuata njia ya baba zao na ami zao. Aliyefika kitambo ndiye anayejua nafasi ikitokea, naye humwita anayemjua. Usiniambie wewe, katika miaka yako minne ya usimamizi, hukuwahi kumwambia bosi kwamba nyumbani kuna kijana mzuri anayetafuta kazi.

Kuhusu karani, sitamtetea. Mtu anayemwona mfiwa mbele yake asiinue macho kutoka kwenye simu ana deni kwa Mungu, na hilo si langu kulisamehe. Lakini tenganisha mambo mawili. Aliketi pale kwa sababu fomu za serikali zilikuwa za Kiarabu na yeye alikijua, na alikuwa na nguvu ya kukuzuia kwa sababu sheria iliweka kutoka kwako mikononi mwa mwajiri. Sheria hiyo ilibadilishwa mwaka 2018 kwa wafanyakazi wengi, na Januari 2020 mabadiliko yakawafikia hata wa majumbani. Karani mwenye roho mbaya bila kibali mkononi ni mtu wa kukuudhi tu; kibali ndicho kilichokunyima mazishi. Ukiwafundisha vijana kwamba tatizo lilikuwa Umisri wake, watamwogopa Mmisri aliye dereva wa teksi na hawatajua kuuliza sheria inasemaje leo kuhusu haki yao ya kuondoka.

Tena nataka nikukumbushe jambo la mwaka ule. Tarehe 25 Aprili 2015, miezi michache kabla ya msiba wako, tetemeko la ardhi liliipiga Nepal na kuua karibu watu 9,000. Maelfu kwa maelfu ya Wanepali walikuwa Qatar wakati huo, na mwezi uliofuata waziri wa kazi wa Nepal alilalamika hadharani kwamba kampuni za huko zilikuwa zikiwanyima wengi wao ruhusa ya kwenda kuwazika jamaa zao au kuwatazama waliosalia. Wale unaowaita waoga, waliokuwa wakipika dengu bila haraka, huenda asubuhi ile walikuwa na maiti nyumbani kama wewe. Je, uliwahi kumuuliza Dai alimpoteza nani mwaka ule?

Naomba ukae kidogo na Dai. Umeandika kwamba “hakuwa kama wenzake”. Sentensi hiyo imenizuia kwa muda mrefu kuliko yote uliyoandika kuhusu Wamisri. Kati ya Wanepali wote wa ghorofa ile, ni wangapi uliowajua kwa jina, ukajua wana watoto wangapi, ukajua wanadaiwa na nani? Naona ni mmoja. Yule mmoja uliyemjua ndiye uliyemtoa katika taifa lake ukamweka pembeni, na wale usiowajua ndio uliowaachia jina la Wanepali. Kwa mtindo huo unaweza kukutana na Wanepali wema mia moja na maoni yako yasitikisike, kwa kuwa kila mmoja atasamehewa peke yake. Mteja wako wa mwaka 2016 alifanya kinyume chake lakini kwa mzani uleule: Mkenya mmoja alipogombana, hakusema huyo hakuwa kama wenzake. Alisema ndivyo walivyo.

Kuhusu huo uoga, nitasema kwa ufupi. Wengi waliotoka Nepal walikopa fedha kwa riba kubwa ili kumlipa wakala kabla hata ya kuiona ndege. Mtu mwenye shamba la baba yake rehani hasimami mbele ya umati kudai saa za ziada, kwa kuwa akirudishwa nyumbani deni litamtangulia. Nawe unawajua Wakenya waliouza ng'ombe wakanyamaza vilevile.

Tusijidanganye kwamba haya ni mambo ya jangwani. Mimi nimekulia Mombasa, na utotoni mwetu neno “Mshihiri” lilisemwa kwa mdomo uliopinda. Walikuwa watu wa Hadhramaut, jina lao likitokana na bandari ya Shihri. Walibeba mizigo na maji, wakafungua viduka, wakalala mumo humo dukani juu ya magunia. Wazee wetu wakasema Mshihiri ni bahili, hali hata anachokiuza. Hakuna aliyetuambia sisi watoto kwamba mtu yule alikuwa na mama na wadogo zake ng'ambo ya bahari wakingoja fedha zake. Nilikuja kulielewa hilo miaka mingi baadaye, nilipomwona kaka yangu aliyekuwa Jeddah akirudi likizo na shati lilelile aliloondokea.

Huenda utaniuliza, mbona watu husema kwamba kuishi pamoja huondoa chuki? Mwanasaikolojia wa Marekani, Gordon Allport, alilizungumzia jambo hili mwaka 1954, na watafiti wengi wamelichunguza tangu hapo. Alisema kukutana kunasaidia zaidi pale watu wanapokuwa na hadhi sawa, wanapofuata lengo moja kwa kushirikiana, na wenye mamlaka wanapouunga mkono ukaribu huo. Ipimishe kambi yako kwa vipimo hivyo. Hadhi zilipangwa kwa pasipoti, majiko yaligombaniwa, na wakubwa walipendelea msielewane. Sehemu moja tu vipimo hivyo vilitimia, nayo ni langoni, kati ya walinzi wawili wa cheo kimoja na kazi moja, na hapo ndipo ulipompata Dai.

Sasa nalijia swali lako. Usiache kuwaonya vijana. Anayekwambia unyamaze kwa jina la upole hajawahi kumpokea kwenye uwanja wa ndege wa Moi binti aliyerudi na begi tupu. Ninachokutaka ubadilishe ni mtu unayemtaja. Palipo na jina la taifa, weka cheo, mkataba, deni au sheria, kisha uone kama onyo halitakuwa kali zaidi. “Mmisri akikwambia bukra” iwe: yeyote mwenye karatasi yako akikwambia kesho mara mbili, andika tarehe, piga picha ya ombi lako, uliza ni ofisi gani ya serikali inayopokea malalamiko. “Mbangladeshi usimwachie kitu” iwe: katika chumba cha watu sita, kila mmoja awe na kufuli lake, maana Mkenya mwenzako naye ana mikono miwili. (Juu ya Wabangladeshi hukunipa kisa hata kimoja, mwanangu. Mengine angalau umeyaeleza kidogo, lakini hilo umelisema kama mtu anayeimba wimbo aliousikia kwa wengine.) “Mfilipino analipwa zaidi” iwe somo la fedha: waambie kwamba tangu Machi 2021 sheria ya Qatar inaweka mshahara wa chini kabisa wa riyali 1,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa taifa lolote, pamoja na wa majumbani, na ikiwa mwajiri hatoi malazi na chakula, aongeze riyali 500 kwa malazi na 300 kwa chakula. Binti atakayeambiwa na ofisi ya wakala kwamba hiyo ndiyo bei ya Waafrika atajua mahali pa kushika.

Ipo sehemu ya ushauri huu itakayokugharimu. Ukiacha kusema Mnepali na ukaanza kusema mkopo wa wakala, vijana wataitazama ofisi hiyohiyo inayokulipa Jumamosi na kuuliza wao wametozwa nini na kwa nini. Mwenye ofisi hakuwahi kukukataza kuyasema mataifa, kwa sababu mataifa hayamgusi. Jiandae kwa siku atakapokuita pembeni.

Na zile sauti zilizorekodiwa huwezi kuzirudisha. Unaweza kuwapigia waliokwisha kuondoka, walau wale ambao namba zao unazo, ukawauliza wanaishi na nani na wanapika saa ngapi. Wasikilize kwanza.

Msichana wa Kilifi anakudai jibu. Mjibu mbele ya wenzake. Waambie wanavyosema juu yetu, neno kwa neno, pamoja na kisa cha jengo uliloondolewa, na uwaambie jinsi ulivyojisikia ulipobeba begi lako ukipita mbele ya wapangaji waliokuzoea. Waeleze kwamba jina hilo la mdomo tulilipata kwa kuwa wengi wetu twakijua Kiingereza, tukausoma mkataba, tukauliza. Usilifanye kuwa sifa, usiseme Wakenya ni majasiri, maana utakuwa umefungua orodha nyingine upya, na humo kambini wapo Wakenya walionyamaza na wapo waliowauza wenzao kwa ofisi.

Kisha chukua chaki, andika ubaoni: watu 90, majiko 8, mabasi mawili, dakika 20. Usitaje taifa la mtu yeyote. Waulize wao wangefanyaje, uwaache wabishane hadi saa ya chakula.